Njia Mbili za Injenia Karenzi

Kitendawili! Najua mko jikoni, mko dukani, wengine bado mko kitandani. Itikieni hapo hapo mlipo. Nina mapacha. Hawapiti njia moja, hawalali chumba kimoja. Kutwa kucha wamebeba swali moja na jibu moja: Uko? Niko. Uko? Niko. Mmoja akianguka, mwenzake anabeba mizigo yote wala halalamiki. Ni nani hao?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Goma sitaki, huko nina wajukuu na kelele zao zanitosha. Nipeni Ruhengeri. Haya, nimekwenda Ruhengeri, nimekula viazi vyao, nimerudi. Jibu ni nyaya mbili za simu za hapa Gisenyi. Na aliyewazaa mapacha hao, wasikilizaji wapendwa, ndiye tunayemkumbuka leo. Injenia Karenzi wa simu. Mume wa Pulchérie, baba wa Keza. Ameuawa akiwa kazini.

Mimi nilielezwa hivi, nami nawaeleza hivyo hivyo. Ukipiga simu, sauti yako haitangulii. Inayotangulia ni ishara. Ishara ndiyo inayobisha hodi kule unakopiga: fulani yupo? Ana nafasi? Nimfungulie? Ishara ikikwama njiani, wewe utashika simu sikioni mpaka mkono uchoke, na utasikia kimya tu.

Zamani ishara zetu zilikuwa na njia moja. Waya mmoja, kutoka nyumba ya simu hapa mjini mpaka kwenye antena ya mlimani. Mvua ikibomoa ukingo, Gisenyi nzima inakuwa kiziwi. Karenzi aliporudi nyumbani kutoka Goma baada ya vita, hilo ndilo lililomkosesha raha. Akachora njia mbili. Kila njia ibebe nusu ya ishara, lakini kila moja iwe na nguvu ya kubeba zote. Mitambo iulizane yenyewe: Uko? Niko. Jibu lisipokuja, ishara zote zihamie upande wa pili, bila mtu kugusa kitu.

Pulchérie alikuwa opereta kwenye nyumba hiyo ya simu, na siku ya kujaribu mitambo ndiye aliyeambiwa ang'oe waya. Alikataa. Akamwambia mumewe kwamba shangazi Illuminée yuko kwenye simu kutoka Ruhengeri, anamsema mkaza mwana wake, na mtu akimkatiza shangazi katikati ya maneno hayo atalipa mpaka kiyama.

"Ng'oa, mama Keza," Karenzi akasema.

Akang'oa, macho amefumba. Shangazi hakusita hata kidogo. Alikuwa amefika kwenye habari ya sufuria iliyoungua, akaendelea mpaka mwisho. Karenzi alicheka hadi akakaa sakafuni.

Tangu siku hiyo, akifika mlangoni kwake hakubisha hodi tena. Alisema, "Uko?" Na Pulchérie, hata mikono ikiwa imejaa unga, alijibu, "Niko."

Lakini mwanamke huyu alikuwa na kimya chake. Baba yake, mzee Ndahiro wa Rugerero, alitolewa nyumbani mwaka ule wa mauaji tunaoujua sote, na hakuonekana tena. Pulchérie aliuliza nyumba kwa nyumba. Kila alikouliza, watu walitazama miguu yao. Karenzi alimwahidi kwamba mzee akipatikana watamzika kwa heshima, hata kama ni mfupa mmoja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Karenzi alikuwa na sharti moja. Njia zile mbili zisikutane mahali popote. Waya wa kwanza ulikuwa kwenye mtaro wa barabara. Wa pili upite mbali, kwenye mashamba ya Rugerero. Alitembea mwenyewe, akachomeka vijiti vyenye kitambaa chekundu kuonyesha mtaro uchimbwe wapi. Wachimbaji walimtania. Habimana, mkubwa wao, mtu wa Rugerero na bingwa wa kuchekesha watu, alimwambia kwamba hata bwana na bibi waliogombana hukutana mlangoni. Karenzi akasema hizi nyaya zake zimeachana kabisa, hata mlangoni kila mmoja una wake.

Kisha akaitwa Kigali kuchukua vifaa. Aliporudi, mtaro ulikuwa umekwisha kufukiwa na majani yameanza kuota.

"Mlifuata alama zangu?"

"Bon, injenia, tulifuata," Habimana akamjibu.

Karenzi akajaribu mitambo, ndiyo siku ile ya shangazi. Ukakatwa upande mmoja, wa pili ukashika. Ukakatwa wa pili, wa kwanza ukashika. Akamshukuru Habimana kwa mikono miwili.

Mnakumbuka mashambulizi ya mwaka huu. Asubuhi ile bomu lililofukiwa barabarani lilipasua lori, upande wa Rugerero. Na wakati huo huo watu wenye silaha walikuwa wameingia kwenye nyumba za pembezoni. Mji ukakimbilia simu kuita msaada Ruhengeri. Kimya. Pulchérie akatazama mitambo: taa nyekundu kwenye njia ya kwanza, taa nyekundu kwenye njia ya pili. Karenzi akasimama nyuma yake. Akasema haiwezekani. Bomu limelipuka barabarani, waya wa mashambani umekatwa na nini?

Akachukua koleo, akachukua simu ya mkono ya mafundi, ile inayobanwa kwenye waya wenyewe. Pulchérie alimshika koti. Karenzi akamwambia watu wanakufa huko nje, na simu ni kazi yake. Akaenda.

Baadaye simu ikalia mbele ya Pulchérie.

"Uko?"

"Niko, baba Keza."

"Nimeunga mumoja. Ita Ruhengeri sasa hivi." Kisha akasema polepole, "Mama Keza, zote mbili iko hapa. Zimelala mu mutaro moja. Nani alipindisha mutaro?"

Pulchérie akaita Ruhengeri. Msaada ulitoka. Ulichelewa, lakini ulifika, na wako watu wanaonisikiliza asubuhi hii kwa sababu ulifika. Alipomrudia mumewe akauliza, "Uko?" Akauliza tena. Na tena. Walimkuta Karenzi ndani ya mtaro, risasi mgongoni, nyaya zote mbili mkononi.

Ngoja ninywe maji kidogo.

Mazishini kulikuwa na waliopoteza ndugu asubuhi ile. Uchungu hauchagui maneno. Mmoja alisema kwa sauti, ili Pulchérie asikie, kwamba injenia alijisifia njia mbili kumbe alichimba moja, na uvivu wake umeua watoto wa watu. Pulchérie angejibu nini? Mumewe mwenyewe alikufa akiuliza.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Pulchérie. Tunampa pole binti Keza, na shangazi Illuminée, aliyeniambia kwa simu, "Yule kijana ndiye peke yake aliyeniacha nimalize maneno yangu." Tunawapa pole wote waliofiwa siku ile, hata aliyesema vile makaburini. Na sisi tuliobaki tujiulize. Ni nani leo anangoja neno kutoka kwangu? Nimelikalia kwa nini?

Nasema hivyo kwa sababu Jumamosi nilikuwa nyumbani kwa marehemu, kwenye kuondoa ikiriyo, kumaliza matanga. Kilio kilikuwa kinakwisha, kibuyu cha pombe kinazunguka, kila mtu anasema lake kuhusu marehemu. Zamu ya Pulchérie ilipofika, alisimama akauliza jambo moja tu, lile lile.

"Nani alipindisha mtaro?"

Watu wakatazama miguu yao. Pulchérie hakuketi. Kibuyu kikafika kwa Habimana, naye hakunywa. Alikiweka chini. Yule mtu wa kuchekesha watu alikuwa amejaa jasho.

"Ni miye, mama Keza. Injenia iliweka alama yake muzuri, kosa haikuwa yake. Tulichimba mupaka mu shamba ya juu, jembe ikagusa mifupa ya mutu. Nikaambia vijana wafukie, tupeleke waya kwa mutaro ya barabara." Akajifuta uso kwa kofia. "Ningemuambia nini bwana yako? Angeniuliza nimejua namna gani ni nani."

Pulchérie akasogea mpaka mbele yake.

"Ni nani?"

"Ni muzee Ndahiro," Habimana akasema. "Baba yako iko pale."