Maji ya Uvunguni kwa Bibi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni tena, maana anayesimama leo ni yule kijana wa benchi la mwisho, aliyekuwa anakuja kanisani kutafuta makosa ya mhubiri.

Tumepanga nyumba hapa Dodoma, mimi, mama, na bibi yangu tuliyemleta kutoka kijijini Mvumi asikae peke yake. Mvua zilipoanza, ukuta wa chumba cha bibi ukaota ukungu mweusi. Tukapaka rangi, ukarudi. Tukapaka tena, ukarudi! Bibi akaanza kukohoa, kifua kinalia kama filimbi.

Ndugu zangu, nimesoma chuo kikuu. Jibu nilikuwa nalo: mwenye nyumba! Nilimwambia kwenye simu maneno ambayo sitayarudia hapa mbele. Hata daktari aliyempa bibi dawa aliponiuliza chumba chake kikoje, nilijibu, "Kibovu, kama mwenye nyumba." Mimi ninayehoji kila kitu, sikuwahi kuinama kuchungulia uvungu wa kitanda cha bibi.

Dawa zikaisha, kikohozi kikabaki. Akawa analala ameketi, ameegemea mito. Niliogopa kumpoteza.

Ndipo akina mama wa kanisa wakaja kumwombea. Nilisimama mlangoni nikisubiri wakemee pepo la ukuta, nipate cha kucheka. Mama Tabitha, kiongozi wao, aliomba kwa machozi, akasema amina. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akainua kapeti.

"Bibi, huku kumelowa. Una nini uvunguni?"

Bibi akageukia ukutani kama mtoto.

Zilikuwa ndoo saba na pipa dogo, vyote vimejaa maji, vimefunikwa kanga. Pipa lilikuwa na ufa. Maji yalivuja chini ya kapeti, yakapanda ukutani, na dirisha tulikuwa tumelipigilia nailoni kuzuia vumbi, unyevu ukakosa pa kutokea.

"Bibi, maji yote haya ya nini?"

"Mume wangu," akasema, kama anavyonitania tangu utotoni, "wewe hujafukua mchanga wa mto kutafuta maji. Bomba likikatika, ukirudi na vumbi lako nitakuogesha na nini?"

"Bibi, nina miaka ishirini na sita!"

"Na shingo bado chafu."

Akina mama wakaangua kicheko. Mimi nililia. Ndugu zangu, nililia!

Tulitoa ndoo nje tukiimba, bibi akitusimamia: "Msimwage hata tone!" Tukang'oa nailoni, tukasugua ukuta, bibi akahamia chumbani kwa mama hadi chake kikauke. Nikampigia mwenye nyumba kuomba msamaha. Akasema, "Nitawaletea tanki dogo la nje, bibi asihangaike." Na akalileta!

Leo bibi analala chali, anakoroma, namshukuru Mungu kwa kila mkoromo.

Maswali sijaacha, na Mungu hajanidai niyaache. Ameniponya kiburi cha kuuliza nikiwa nimesimama. Wewe uliyekaa kule nyuma, njoo na maswali yako yote. Mwamini Mungu aliyewatuma wale akina mama kwetu, na magoti yako yaguse sakafu.

Mimi kila jioni napiga magoti kando ya kitanda cha bibi. Nachungulia uvunguni kwanza, kisha tunaomba. Jana nilikuta kikombe kimoja, kimejaa maji, kimefunikwa vizuri.

Nilikiacha. Utukufu kwa Mungu!