Bi Pamba na Tai Aliyeganda Mara Mbili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama chai iko mezani, inyweni ingali ya moto, maana leo tunazungumza habari za baridi.

Tunamkumbuka Bi Pamba. Jina alilopewa na wazazi lipo, lakini ukiliulizia mtaani kwake utazunguka mpaka soli ziishe. Uliza Bi Pamba, na hata mtoto wa chekechea atakushika mkono.

Kazi yake ilikuwa kuwahifadhi ndege waliokufa. Alimchuna ndege, akaikausha ngozi na manyoya yake, akaijaza pamba, akamtia macho ya kioo. Akimaliza, unaogopa kupiga chafya karibu naye asije akaruka. Shule zilimjua. Jumba la makumbusho lilimjua. Majirani walimjua zaidi kwa friza lake kubwa la karakanani. Mtu akija kuomba barafu, Bi Pamba hujibu, "Ipo, mwanangu, ila imelaliwa na bundi. Nimwamshe?"

Hakuwa na mtoto. Alikuwa na mume, fundi baiskeli, mtu mpole kama maji ya mtungini. Na alikuwa na mdogo wake, mshona nguo za harusi, waliyepakana naye ukuta kwa ukuta. Huyu mdogo, Bi Pamba alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Alimwogesha, akampeleka shule, akamnunulia cherehani ya kwanza. Ufunguo wa karakana ulikuwa na nakala moja tu, na nakala hiyo ilikaa kwa mdogo mtu.

Sasa, ndege haji siku ile uliyo tayari kumchuna. Akifika, Bi Pamba alimfuta damu kwa maji baridi, akampachika pamba mdomoni ili majimaji yasitoke, akamlaza kichwa chini ya bawa. Miguu aliizungushia kitambaa kibichi isije ikakauka. Halafu alimvutia ndani ya soksi kuukuu ya nailoni ili manyoya yalale, akamtia kwenye mfuko wa plastiki, akakamua hewa yote, akafunga, akamweka chali ndani ya friza. Hapo ndege husubiri hata miezi.

Lakini kuna sharti moja. Ndege hagandishwi mara mbili. Akishayeyuka, mchune. Ukimrudisha kwenye baridi, kwa nje atakuwa vilevile, mgumu kama tofali, na huko ndani ameshaoza. Bi Pamba aliwaimbia watu wa nyumbani kwake sharti hilo mpaka wakawa wanamwitikia: ndege hagandishwi mara mbili.

Ndipo akaja tai.

Maofisa wa wanyamapori walimwokota chini ya nyaya za umeme, mkubwa, mzima, hana hata unyoya uliovunjika. Jumba la makumbusho likamwomba Bi Pamba amtengeneze akae mlangoni, na kibao chenye jina lake kiwekwe chini. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza njiwa na kanga wa madarasani, na hakuna aliyewahi kuuliza ni kazi ya nani. Alimgandisha tai, akaagiza macho. Macho yakachelewa. Akasubiri.

Katikati ya kusubiri ikaangukia harusi ya binti wa mdogo wake. Mdogo mtu akamwambia, "Dada, wiki hii usiguse mizoga yako. Bwana harusi atakunusa, akimbie."

"Akikimbia nitamgandisha," akasema Bi Pamba. Lakini alitii. Wiki nzima hakuingia karakanani. Alicheza harusini mpaka kilemba kikamdondoka.

Macho yalipofika, alifungua friza. Kitu cha kwanza alichokiona ni fundo. Yeye mifuko yake huifunga kwa kipande cha soksi. Mfuko wa tai ulifungwa kwa utepe wa zambarau, utepe uleule wa wasimamizi wa bibi harusi. Cha pili, maji mekundu yalikuwa yameganda kifuani kwa ndege aliyelazwa chali. Maji hayapandi mlima; ndege huyu aliyeyuka akiwa kifudifudi. Akamyeyusha polepole, kwa matumaini ya mtu anayejua hana matumaini. Alipopitisha kidole tumboni, manyoya yalitoka yote, yakabaki mkononi. Ngozi ilikuwa ya kijani.

Aliwaita mdogo wake na mumewe.

"Nani kafungua friza langu?"

"Umeme ulikatika, dada," akasema mdogo mtu. "Siku ya harusi, mchana kutwa. Hatukutaka kukusumbua."

"Mchana kutwa. Na ule muziki mlikuwa mnaupiga kwa kuni?"

Mumewe akajikohoza. "Mke wangu, umeme hauna mwenyewe. Yaache."

Bi Pamba akamgeukia. "Na wewe mgongo ulikuuma wiki nzima. Ulibeba nini, giza?"

Wasikilizaji, tai hakukaa mlangoni pale. Bi Pamba mwenyewe alikwenda makumbusho kusema ndege ameharibika, na kazi ikapewa mtu mwingine. Hilo alilimeza. Alichoshindwa kumeza ni kingine, na alikisema waziwazi: "Tai nimeshamzika. Sidai chochote. Nataka mmoja wenu aniambie, tulimtoa. Basi."

Hakuna aliyemwambia. Waliendelea kusalimiana na kuombana chumvi. Lakini yule mwanamke aliyetania hata maiti za bundi alianza kula chakula chake karakanani, mlango ameukomea. Alibadilisha kitasa. Safari hii hakuchonga nakala.

Alipougua, alimuuliza mdogo wake tena, akiwa kitandani. "Ulikuwa umeme?"

"Ulikuwa umeme, dada. Pumzika."

Akageukia ukutani.

Tulipokwenda nyumbani kwa marehemu kuandaa kipindi hiki, tulipokewa vizuri. Mdogo mtu alitaja habari za tai kabla hatujauliza. "Msisahau kusema," akatuambia, "umeme ndio uliomvunja moyo dada yangu." Mume alitikisa kichwa kukubali, akitazama vidole vyake vya miguu. Tukaandika.

Tulipokuwa tunaondoka, yule binti wa harusi, ambaye sasa ni mama wa watoto, alitufuata mpaka barabarani. "Sauti yake mnayo?" Tukasema hatuna. Akatukabidhi video ya harusi yake. "Humu anasikika. Mama asijue imetoka kwangu."

Tusikilize kidogo.

Huo ni muziki, na vigelegele. Na huyu ndiye Bi Pamba: "Soda hii imepoa mpaka meno yanalia. Mmeipoozea wapi, jamani?" Sasa sikilizeni baada ya hapo. Kimya, pumzi moja. Halafu kicheko. Wa kwanza ni mdogo wake. Anafuata mwanamume anayejikohoza, tunamfahamu. Halafu meza nzima. Na wa mwisho, anayecheka kwa nguvu kuliko wote, ni Bi Pamba mwenyewe, asijue anayechekwa ni yeye. Nyuma yao muziki haukatiki hata sekunde.

Kwa mume, kwa mdogo wa marehemu, kwa binti na watoto wake, tunatoa pole za dhati. Mmefiwa na mtu adimu, naye aliwapenda, hilo halina ubishi. Nanyi wasikilizaji, kama kuna mtu anayesubiri neno moja kutoka kwenu, mpelekeeni angali na masikio. Kwetu mnalileta likiwa limechelewa, na wala halikuwa letu.

Bi Pamba aliomba neno hilo nyumbani kwake akanyimwa. Tunalisema sisi, ingawa si sisi aliotaka kulisikia kwetu. Siku ile umeme haukukatika; friza lilijaa soda. Walimtoa.