Mlango wa Fundi Mabano

Ndugu waombolezaji, nimepewa kusoma mimi shemeji yake kwa kuwa wengine wote wanalia, nami nitalia nikimaliza.

Marehemu Fundi Mabano alizaliwa tarehe 4 Julai 1966 kwa mujibu wa kadi ya kliniki, au tarehe 7 Aprili kwa mujibu wa cheti cha shule, maana karani mmoja alitanguliza siku, mwenzake akatanguliza mwezi, na mama yake hadi leo anasema ilikuwa Jumapili, basi.

Alimaliza sekondari mwaka 1984, akasomea ufundi wa kompyuta, na tarehe 2 Mei 1994 akaajiriwa hospitali kuu, katika chumba cha nyuma ya maabara chenye feni yenye kelele kunishinda mimi. Tarehe 14 Desemba 1996 alimwoa dada yangu, wakajaliwa watoto watatu.

Kazi yake ya miaka ya baadaye ilikuwa kuandika programu ya kusoma mafaili ya JSON, yaani taarifa zilizopangwa ili kompyuta izisome, hapa za wagonjwa kutoka kliniki ndogo, na kila kliniki ilituma ilivyoamka. Dawa zinazomdhuru mgonjwa zikiwa nyingi zilikuja kama orodha ndani ya mabano, ikiwa ni moja ilikuja peke yake, bila mabano, na Machi 2014 aligundua kwamba programu yake, ikitarajia orodha, ilikuwa ikilikata jina hilo la dawa herufi moja moja, ikimwonya daktari kuwa mgonjwa anadhurika na P, na E, na N. Wenzake walitaka kliniki ziandikiwe barua kali, naye akawaambia, "Mgeni harudishwi kwa sababu ya nguo. Mpokeeni mlangoni, mvisheni, ndipo aingie." Akauandika mlango huo, neno pekee livikwe mabano, na lisiloeleweka lisitupwe, liitiwe mtu alitazame.

Tarehe 9 Juni 2022 aliletwa hospitali hiyo hiyo na homa ya mapafu, hajitambui, kliniki ya mtaani ikatuma dawa inayomdhuru kwa neno moja, penisilini, na muuguzi akiwa ameshashika sindano ya dawa hiyo hiyo, skrini ikawa nyekundu. Mlango ulimwokoa aliyeuchonga. Tukapewa miaka miwili zaidi, akaitumia kumbeba mjukuu na kuniibia kwenye karata, hadi figo zilipochoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti kabla hatujaomba, na wafanyakazi wenzake, walioahidi kutoubomoa mlango ule.

Amefariki 2024-09-15, mwaka, mwezi, siku, kama alivyonigombeza miaka yote niandike, asije karani akamchanganya tena. Pumzika kwa amani, shemeji, na huko uendako ingia ulivyo, utapokelewa.