Kafi Lililoelekea Mlimani

Wasikilizaji wapendwa, amahoro. Mlio Rumonge, mlio Muhuta, na nyinyi mliofungulia redio zenu huko milimani Bugarama, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Jina lake Asmani, Asmani wa Gatete. Alifariki Ijumaa iliyopita, umri wake ukizidi miaka themanini. Wengi mlimjua akiwa mzee mkimya wa msikitini. Wachache mnajua kwamba wakati wa Wadachi, wale Wajerumani, Asmani alikuwa nyapara. Nyapara wa wapiga makafi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mitumbwi mitatu ilipakia mitungi ya mawese Rumonge, ikaipeleka kwenye boma la Wadachi kule Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura. Wanaume kumi na wanane, sita kila mtumbwi. Asmani ndiye aliyewaongoza wote, na alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na sita.

Wapiga makafi hao walikuwa na desturi yao. Kumpinga kiongozi kwa mdomo mbele ya wageni ilikuwa ni kumvua nguo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya safari, kila mtu alilaza kafi lake mchangani. Ubapa ukielekea ziwani, mtu yuko tayari. Ubapa ukielekea mlimani, mtu ana neno. Nyapara akiona hivyo, anamwendea, anachuchumaa, anauliza. Hakuna anayeaibika. Narudia, wapendwa: ubapa mlimani maana yake nina neno, niulize.

Binti wa Asmani, Mama Mwanahamisi, alinisimulia kwamba mara nyingi neno lenyewe lilikuwa mzaha. Kulikuwa na mpiga kafi mmoja aliyeitwa Sikuzani. Huyo kafi lake liliangalia mlimani karibu kila siku.

"Sema, Sikuzani."

"Bwana nyapara, nibadilishie nafasi. Huyu Kassimu ananuka ndagala za juzi."

"Na wewe je?" Kassimu akajibu. "Ulioga lini? Mpaka samaki wanatukimbia!"

Wote wakacheka, wakasukuma mitumbwi majini. Ndivyo walivyoishi.

Sasa sikilizeni asubuhi moja, miaka michache kabla ya vita vya kwanza. Mdachi mkubwa wa boma alikuwa ameshuka Rumonge mwenyewe. Alisimama mchangani, saa mkononi, na askari wawili nyuma yake. Jana yake alikuwa amemwambia Asmani kwamba mitumbwi ikichelewa, nyapara atalazwa chini mbele ya watu wake apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano.

Makafi yalilazwa. Kumi na saba yalielekea ziwani. Moja lilielekea mlimani. Halikuwa la Sikuzani. Lilikuwa la Aruna.

Aruna alikuwa mume wa Riziki, dada yake Asmani. Alikaa mbele katika mtumbwi wa pili. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kafi lake halikuwahi kuelekea mlimani hata siku moja.

Asmani aliliona. Akamtazama Mdachi. Akaitazama ile saa. Kisha akainama, akaligeuza kafi la shemeji yake kwa mkono wake mwenyewe, ubapa ukaangalia ziwa. Akasema, "Twende."

Aruna aliokota kafi lake. Akasema, "Haya, shemeji." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa Asmani.

Walipoipita Muhuta, ziwa likachafuka. Mtumbwi wa pili ukazama. Watu sita walikuwa ndani, wawili wakaokolewa. Aruna hakuokolewa. Mwili wake haukupatikana. Baada ya siku nne wavuvi waliokota kafi lake.

Kuna waliosema mtumbwi ulikuwa na ufa. Wengine walisema Aruna alikuwa na homa. Kassimu, mmoja wa wale wawili waliookoka, aliulizwa mara nyingi: Aruna alisema nini njiani? Alijibu neno moja tu siku zote: "Hakusema kitu."

Wazee walimshauri Asmani akamwambie dada yake kwamba ni kazi ya Mungu, basi. Asmani alikwenda Gatete na lile kafi begani. Riziki alikuwa amekaa mlangoni, na mimba ya miezi sita.

"Kaka," akasema, "asubuhi ile, kafi lake liliangalia wapi?"

"Mlimani."

"Ukamuuliza?"

"Niliona Mdachi na saa yake, nikaogopa. Nililigeuza."

Riziki aliligusa lile kafi. Kisha akasema: "Ondoka nalo. Siku utakayojua mume wangu alitaka kusema nini, uje uniambie."

Wiki tatu baadaye mitumbwi miwili iliyobaki ilipakiwa tena. Askari walikuwepo, Mdachi alikuwepo. Makafi yakalazwa. Moja likaelekea mlimani. La Sikuzani.

Asmani hakutazama nyuma. Alimwendea, akaketi kabisa mchangani mbele yake. "Sema."

Sikuzani akachora mchangani kwa kidole. Jua likapanda. Askari akapiga kelele, Asmani akabaki amekaa. "Nakusikiliza. Sema."

"Hakuna kitu, Bwana nyapara," Sikuzani akasema mwishowe. "Nilitaka kuona kama utauliza."

Walichelewa. Asmani alilazwa palepale, akapigwa hamsa ishirini, na watu wake wakitazama. Alipoinuliwa, alimtafuta Sikuzani kwa macho. Akamwambia, "Na kesho ligeuze tena."

Lakini Aruna hakuwepo wa kuulizwa. Miaka yote Asmani alimtembelea dada yake kila Idi. Riziki alimkaribisha, akampa chakula, wakazungumza habari za watoto. Hakumuuliza tena. Alikufa kabla ya kaka yake, bila kupata jibu.

Kwa mimba ile alizaliwa mtoto wa kiume, Amissi. Leo naye ni mzee mwenye mvi. Nilimkuta msibani, ameketi kando ya mlango wa marehemu. Kafi la baba yake liko pale nje, chini ya ukuta, ubapa mlimani. Limekaa hivyo tangu wakati wa Wadachi.

"Mujomba aliniita Alhamisi," aliniambia. "Akasema, 'Mutoto wangu, nimeshindwa kujua.' Mimi nilitaka kumwambia inatosha. Nikaona amechoka, nikasema nitamwambia kesho." Akafuta uso. "Watu wananiambia niligeuze sasa, mzee apumzike. Siwezi. Neno iko la baba, na bado hatujalisikia."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Mama Mwanahamisi, kwa Mzee Amissi na kwa ukoo wote wa Gatete. Mungu amrehemu Asmani, amrehemu Aruna, amrehemu na Riziki.

Na wewe unayesimamia watu, iwe sokoni, ofisini au shambani. Kesho asubuhi mkubwa wako atakuwa na saa mkononi. Kabla hujasema twende, tazama chini kidogo. Kama kuna kafi limeelekea mlimani, chuchumaa, uulize.