Zenoni Minani na Fidla ya Mvua ya Mawe

Majirani wa West Side hapa Buffalo, waumini wenzetu, na ninyi mliosafiri kutoka Louisville na Columbus katika barabara zenye theluji, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu, kwa kuwa mimi ndiye ndugu yake pekee aliyebaki.

Marehemu Zenoni Minani alizaliwa tarehe 14 Machi 1942 katika kilima cha Rumeza, Bururi, nchini Burundi. Wengi hapa mmelichukua Minani kuwa jina la ukoo, lakini kwetu ni jina la mtoto wa nane, na mimi, Athanasi Nyandwi, ni wa saba, nilimtangulia kuzaliwa, kubatizwa na kuanza shule.

Alianza shule ya misheni mwaka 1949. Mwaka 1956 Padre Lambert, Mbelgiji aliyetufundisha nyimbo, alileta fidla moja, akakagua vidole vya wavulana wote, akampa Zenoni, na mimi niliyesoma nota haraka kuliko yeye nikawekwa kando yake kumfungulia kurasa. Zilikuwa kurasa za konserto, tungo za fidla za Kiitaliano ambazo leo zina umri wa karibu miaka mia tatu, ambamo fidla huigiza ndege, kijito, radi, na mwisho barafu. Sisi kitu kilichoganda kinachotoka mbinguni tulikijua kimoja tu, mvua ya mawe, ile inayolaza maharage shambani, kwa hiyo Zenoni aliipiga sehemu hiyo kwa haraka na kwa nguvu, hata mama yetu akitania kwamba anatoka kuanua.

Alijifunza useremala, na tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na Angelika, wakajaliwa watoto wawili, Jean Bosco na Spés. Mwaka 1972 tulikimbia nchi, na baada ya kuhamahama kwingi tukafika kambi ya Mtabila, Kasulu, nchini Tanzania, yeye akiwa na fidla mgongoni, mimi na karatasi. Kambini watu walikuja jioni kuomba "ile ya mawe", maana kila mkulima anamjua ndege na kila mkulima anaiogopa radi, ndiyo sababu naamini tungo hizo hazizeeki. Siku nilipoomba kuishika fidla, Angelika alicheka, "Shemeji, wewe fungua karatasi tu, fidla moja haina mabwana wawili," na Zenoni akacheka pamoja naye.

Oktoba 2007 tulipokelewa Louisville, hapa Marekani, akafanya kazi ya kufua mashuka hotelini. Kanisa lililomwalika apige lilisimama lote kumpigia makofi, na picha yake ilitundikwa mlangoni, ikiwa imekatwa pale bega langu linapoanzia. Mwaka 2010 tulihamia Hilliard, pembeni ya Columbus, kwa Jean Bosco anayefanya kazi ghalani. Huko mwalimu mmoja wa muziki alimweleza kwa adabu kwamba mwanzo wa ile barafu hupigwa taratibu, naye akamjibu, "Mama, wewe hujaiona ikianguka kwenye maharage."

Mwaka 2013 tulikuja hapa Buffalo kwa Spés, anayefanya kazi kiwandani Tonawanda. Novemba 2014 ilipoanguka theluji kubwa, Zenoni alisimama dirishani muda mrefu, akaona kwamba haina sauti. Jumapili iliyofuata aliipiga barafu taratibu kwa mara ya kwanza, nanyi mkalia, mkanishika mkono mkiniambia ndugu yangu ana kipaji cha Mungu. Nota zilisema hivyo tangu mwanzo, nami nilimwambia tukiwa bado Rumeza, lakini Jumapili ile hakuna aliyeuliza ni nani aliyefungua kurasa.

Mwaka 2015 alianza kuugua figo, na Ijumaa tarehe 22 Januari 2016 alifariki hospitalini, mbele ya Angelika, Spés na mimi. Neno lake la mwisho kuhusu mali lilikuwa, "Fidla ni ya Nyandwi." Spés, ambaye baba yake mwenyewe alimfundisha fidla tangu utoto, aliinamisha macho. Vidole vyangu haviwezi tena hata kufunga kifungo cha shati, lakini fidla nimeipokea, na iko chumbani kwangu.

Leo Spés ameniomba fidla ili ampigie baba yake ile barafu, nami nimekubali kwa sharti kwamba aipige kwa haraka na kwa nguvu, kama Rumeza. Ile ya theluji mliisikia wote, na ni yenu. Ya mvua ya mawe ni yetu wawili. Kurasa nitamfungulia mimi, kisha fidla itarudi kwangu, na siku yangu ikifika ataichukua yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta chakula na kuondoa theluji mlangoni petu, pamoja na wafanyakazi wenzake na Spés waliobadilishana zamu ili amuuguze baba yake.

Minani, umenitangulia tena. Pumzika kwa amani.