Siku Nilipoacha Kuuza Mchele wa Usangu kwa Jina la Kyela

Mwenyekiti, akina mama na akina baba wa kikundi, mmeniomba nisimame. Nikishasimama nitasema hata yale ya aibu, kwa hiyo nivumilieni.

Duka langu la mchele hapa Chimala mnalijua. Msichojua ni kwamba mwaka juzi nilikuwa nimeshamwambia mwenye nyumba kuwa nafunga. Mambo yalianza hivi: wateja wa barabarani walipungua, nikaona nitengenezewe tovuti ili watu wa mbali wanione. Nikalipia na matangazo. Siku nilizolipia, simu iliita. Nilipoacha, kimya, kama mashine iliyoishiwa dizeli. Nikalipia tena na tena, mpaka mtaji wa kununulia mpunga ukakatika.

Na kosa kubwa lilikuwa hili: kila ukurasa niliandika "mchele wa Kyela", kwa vile jina hilo linasifika kwa harufu nzuri. Msicheke! Wangapi humu tunaliandika jina hilo kwenye magunia? Baba yangu alihamia Usangu miaka ya sabini akiswaga ng'ombe, akajifunzia mpunga humu humu bondeni. Mpunga huo umenisomesha. Lakini nilipoanza kuuza, nikauonea haya.

Siku moja akanipigia mteja wa Iringa, mama mwenye hoteli ya chakula.

"Dada, wewe kabila gani?"

"Msukuma, mama."

"Ndiyo maana! Msukuma unamwuzia Mnyakyusa mchele wa Kyela? Nimefungua gunia, harufu ya kwetu haimo."

Nikakiri: "Ni wa Usangu, mama. Nisamehe, nitakurudishia hela yako."

"Nani kasema mbaya? Wateja wamemaliza sufuria! Ila nilihisi ni wa Usangu, nikautafuta kwenye simu, 'mchele wa Usangu unapikwa na maji kiasi gani', sikuona mtu anayeueleza. Mmejificha wapi nyie?"

Ndugu zangu, hapo ndipo macho yalipofunguka. Nawaeleza taratibu, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Mtu akitafuta jambo kwenye simu, huandika swali lake kama anavyolisema. Ukurasa unaolijibu vizuri ndio unaoweza kumfikia, hata kama mwenye ukurasa hajalipia kitu. Mimi nilikuwa nimejipanga nyuma ya umati wa wanaolitaja jina la Kyela. Kwenye Usangu, ambako foleni haikuwepo, sikuwepo na mimi.

Nikafuta Kyela kote. Nikaweka daftari kando ya mizani, kila mteja akiuliza naandika kwa maneno yake mwenyewe. "Mchele mpya mbona unashikana?" "Nitajuaje kama umechanganywa na mchele mwingine?" Kila wiki nikajibu swali moja kwenye tovuti, nikianza na lile la maji, kwenye ukurasa wake, na kichwa cha ukurasa ni swali lile lile. Hilo la kuchanganya nililijibu kweli tupu, mpaka jirani yangu wa sokoni, simtaji, akaja juu: "Wewe mama, unatuharibia biashara!"

Miezi mitatu sikuona kitu. Nitawadanganya nikisema sikukata tamaa. Nilikata, nikaendelea kuandika hivyo hivyo. Mwezi wa nne simu ikaita kutoka Makambako: "Nimesoma kwako habari ya maji. Nitumie magunia mawili, hayo hayo ya Usangu." Akafuata wa Dodoma, ikafuata shule moja ya bweni. Duka halikufungwa, na tangu hapo sijalipia tangazo.

Namshukuru yule mama wa Iringa, ambaye angeweza kunitukana akachagua kunifundisha. Nawashukuru wenzangu watatu wa kikundi hiki mlionipa mpunga nikiwa sina kitu, mkasema, "Uza kwanza." Ninyi mnajijua.

Nililojifunza ni dogo: anayekitafuta kitu chako yupo, na ameshaanza kuuliza. Mjibu, na ukitaje kitu chako kwa jina lake.

Jumamosi asubuhi nitakuwa dukani kwa yeyote anayetaka kuanza. Njoo na swali moja tu ulilosikia kwa mteja wako wiki hii. Jirani yangu, na wewe karibu, chai nitapika. Asiyejua kuandika asione haya: aje aseme, tutaandika pamoja.