Dakika Kumi na Moja za Fundi Obonyo

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa Osewe wa Usenge na wakwe zetu wa Vihiga, tunawasomea maisha ya ndugu yetu Barnaba Obonyo Osewe, kama alivyoyasimulia mwenyewe akiwa kitandani, binti yake Celine akiyaandika kwenye daftari, naye alituagiza tusimpambe, kwa hiyo mtakaposikia sifa mjue hizo ni zetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, Usenge, kando ya Ziwa Victoria, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Yona Osewe na Mama Kalista Adhis, ambaye tuko naye hapa kiti cha mbele. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka wa 1968 hadi 1974, akawa hodari wa hesabu na mvivu wa kuimba. Tarehe 2 Agosti 1975 kaka yake mkubwa, Oketch, alizama ziwani baada ya ubao wa mashua aliyokuwa akivulia kufumuka, na jioni ya mazishi mama yao alimshika Obonyo mkono, akamwapisha juu ya shati la Oketch kwamba hataingia kamwe ndani ya chombo cha majini, mpaka siku ambayo yeye mama atamfungua kwa kinywa chake. Alikuwa na miaka kumi na minne, akaapa.

Januari 1978 alikuja Nairobi, akapanga chumba Makina, Kibera, na hapo Mungu akamfanyia mzaha, kwa sababu kazi yake ya kwanza ya maana, aliyoianza tarehe 3 Machi 1980, ilikuwa katika klabu ya mashua ndogo za tanga iliyokuwa kando ya Bwawa la Nairobi, mwendo wa miguu tu kutoka kwake. Fundi mkuu, marehemu Mzee Kilonzo, alimwamuru siku ile ile aingie mashuani aone panapovuja, Obonyo akakataa, akaeleza kiapo chake, na Kilonzo akacheka mpaka akaketi chini, kisha akasema, "Sasa kama wewe huwezi kuenda kwa maji, wacha tulete maji kwa mashua." Waliipandisha mashua juu ya magogo, wakamimina maji ndani, wakakoroga bluu ya kufulia, na popote lilipojitokeza tone la bluu kwa nje, Obonyo aliweka alama ya chaki, na hiyo ikawa njia yake maisha yote. Alijifunza kubandika vitambaa vya faiba kwa gundi, kuchonga mlingoti, kushona tanga lililoraruka, na kupiga msasa mpaka ubavu wa mashua ungeweza kuulalia shavu, na wenye mashua walipompungia mkono kutoka katikati ya bwawa, yeye aliwapungia akiwa ukingoni.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Bi. Edina Kageha, aliyekuwa akiuza chapati kwenye njia ya kwenda bwawani, na ambaye hadi leo anashikilia kwamba aliipenda ile mikono, ingawa siku ya harusi ilikuwa na gundi kavu kiasi kwamba pete iligoma kupita. Mungu aliwajalia watoto wawili, Celine mwaka wa 1988 na Derrick mwaka wa 1991.

Magugumaji yalipoanza kulifunika bwawa, klabu ilikufa polepole, mashua zikauzwa moja moja, na Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1998 ilikuwa imebaki moja tu, namba 31, ambayo Jumatatu ingepakiwa kwenye lori kwenda Naivasha, nayo sehemu ya maji iliyobaki wazi ilikuwa kiasi cha uwanja wa mpira. Hapa marehemu alitaka asomwe neno kwa neno. "Nilikuwa nimetengeneza mashua miaka kumi na minane na sikuwahi kujua zinaendaje. Nilimpa Kageha viatu vyangu avishike, nikaingia. Niliendesha dakika kumi na moja, vibaya. Nilivunja kiapo cha mama na sijamwambia. Msomeeni nikishaenda, kwa sababu mimi nimeshindwa kumtazama usoni."

Mwaka wa 2001 familia ilihamia Gatina, Kawangware, na marehemu akafungua karakana Kabiro, akitengeneza vitanda, matangi ya maji, na mara chache mashua zilizoletwa kwa lori na watu waliomkumbuka, ndipo vijana wa mtaa wakampa jina la Nuhu, wakipita wakimwuliza, "Niaje, Nuhu, mvua ni lini?" naye akiwajibu, "Mkimaliza kuoga."

Septemba 2024 aligunduliwa na maradhi ya mapafu, akatibiwa mpaka alipoomba kurudi nyumbani, na tarehe 20 Januari mwaka huu mama yake akaja kutoka Usenge kumuuguza. Sasa Celine, ambaye ukaidi ameurithi, alishindwa kungoja, na Jumapili tarehe 9 Machi, baba yake akiwa amelala chumbani, alimsomea bibi yake ile sehemu ya daftari. Mama alisema kwa Kijaluo kwamba alijua tangu Krismasi ya mwaka huo wa 1998, kwa sababu kila alipokuja nyumbani Obonyo aliketi uani akiligeuzia ziwa mgongo, na Krismasi ile aligeuza kiti. "Nilimngoja aseme ili nimfungue," alisema, "na yeye akaningoja nimfungue ili aseme, tukazeeka hivyo."

Aliingia chumbani, akaketi kitandani, akaushika ule mkono alioushika mwaka wa 1975, na hakumlaumu, alimuuliza tu, "Haya niambie, mwanangu, huko katikati kulikuwaje?" Obonyo akamweleza, akipumzika kila baada ya maneno machache kwa ajili ya mtungi wa oksijeni, habari za upepo, za kamba iliyomchoma kiganja, za sauti ya maji chini ya miguu yake, na zile dakika kumi na moja zilichukua alasiri nzima, Kageha akileta chai mara mbili. Alipomaliza, mama alimwambia amemfungua. Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa kumi na mbili asubuhi, alilala.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa ploti yetu ya Gatina waliobeba mitungi ya oksijeni hadi ghorofa ya nne bila kunung'unika, na mafundi wenzake wa Kabiro walioliunda jeneza hili, ambao tumeambiwa walilijaza maji kwanza, wakatia bluu, wakalikagua kwa chaki, jambo ambalo hatukuwaomba, nalo halikuvuja hata tone. Mama ametuma ujumbe Usenge kiti cha Obonyo kiwekwe uani, kikitazama ziwa, kitungoje tukimpeleka kuzikwa.

Pumzika kwa amani, Obonyo, mama amekufungua.